Jotoardhi: maji yakishatoa umeme yanaenda wapi?

Wakubwa zangu shikamooni, vijana habari za jioni. Poleni na foleni, najua kuna waliotoka Mbagala saa kumi ndo wanaingia sasa hivi, kwa hiyo naanza moja kwa moja.

Kuna bonde linaitwa Yangbajing, liko Tibet, kama kilomita 90 kutoka mji wa Lhasa. Liko juu mita 4,300 hivi, yaani wale mliopanda Kilimanjaro, Horombo mmeshaiacha chini, na maji huko yanachemka kwenye nyuzi kama 86 tu. Mwaka 1977 wakawasha mtambo wa kwanza wa jotoardhi, yaani wa kufua umeme kwa joto la chini ya ardhi, megawati 1, wakaongeza mdogo mdogo mpaka kama 25, umeme ukawa unaenda Lhasa.

Watu wanadhani lazima uchimbe mpaka ukute moto wa volkano, hapana jamani, pale walianza na maji ya nyuzi kama 150 yasiyo na kina kirefu. Huko chini presha inayazuia yasichemke, yakipanda kisimani presha inashuka, sehemu yake inageuka mvuke, mvuke unazungusha mapanga ya mashine, umeme huo. Sasa angalia birika la nyumbani ukichemshia maji ya kisima, ule utando mweupe unaoganda ndani ukiukwangua na kijiko unatoka magamba magamba. Bomba la kisima cha jotoardhi nalo linaota hivyo hivyo, usipolikwangua linaziba.

Lakini kilichonileta hapa ni yale maji yanayobaki mvuke ukishatoka, manake ndo mengi kuliko mvuke wenyewe, na yamebeba madini ya chini. Ya Yangbajing yana aseniki, ambayo ni sumu, na yalikuwa yanamwagwa mtoni. Mtoni! Wakati unaweza kuchimba kisima kingine ukayarudisha chini yalikotoka, na huko yanasaidia presha isiishe.

Sisi tuna maeneo yetu ya jotoardhi, tuna Ngozi kule Mbeya, tuna Kiejo-Mbaka Rungwe, na wenzetu Kenya wanafua umeme Olkaria toka 1981, kwa hiyo naitaka sana jotoardhi, mgao tumeuonja wote hapa. Ila mkitajiwa megawati, ulizeni na kisima cha kurudishia maji kiko wapi. Mto Mbaka unashuka mpaka Ziwa Nyasa, unapita Kyela kwenye mashamba ya mpunga, na mchele wa Kyela ndo huo tunaugombania hapa Dar.