Meza ya Saketi Inayowavuta Watoto Wote

ZUHURA: Msikilizaji, karibu tena. Leo tuko kwenye makumbusho ya sayansi ya watoto, mbele ya meza ya saketi za umeme. Mara nyingi wavulana wameizunguka, wasichana wanatupa jicho na kupita. Kaka Baraka, ili kuwavuta wasichana, wengi hukimbilia kuipaka rangi ya waridi.

BARAKA: Na hapo ndipo wanapoharibu. Msichana anaambiwa hii ndiyo yako, kwa hiyo zile nyingine si zako. Mvulana naye anakaa mbali. Jumba la Exploratorium la San Francisco lilichunguza maonyesho zaidi ya 300 katika makumbusho matatu ya Marekani. Matokeo yakaonyesha kwamba wasichana huvutwa na mambo kama michoro kwenye kibao cha maelezo, picha ya mtu, vitu wanavyovijua, nafasi ya watu watatu au zaidi, na kazi isiyo na jibu moja.

ZUHURA: Tuanze na nafasi, maana mimi naona ndiyo chanzo cha mengi.

BARAKA: Kweli kabisa, dada. Ukiweka kituo kimoja, mtoto mmoja anashika waya, wenzake wanabaki kumpokeza vifaa. Weka vituo vinne, viwili kila upande, kila kimoja na betri yake na taa zake. Meza isibanwe ukutani. Mtoto mwenye kusitasita anataka kusimama kando kwanza, aone wengine wanafanyaje, ndipo aguse. Urefu uwe sentimita 70 hivi, na chini pawe wazi ili kiti cha magurudumu kiingie.

ZUHURA: Na umeme wenyewe?

BARAKA: Betri tatu za volti 1.5, kwa hiyo volti 4.5. Taa ndogo nyekundu ya LED inahitaji kama volti 2, hivyo unganisha resista, yaani kifaa cha kupunguza umeme unaopita, ya omu 150. Sasa, hiyo resista ifiche ndani ya kasha la betri. Ukiibandika kwenye taa, mtoto akigusanisha waya mbili tupu betri inapiga shoti na kupata moto. Ikiwa ndani ya kasha, hata akigusanisha, umeme hauzidi miliampia 30, kiasi kidogo tu. Kasha lifungwe kwa skrubu. Betri za kidonge usiziweke kabisa, mtoto akimeza moja inaweza kumuunguza koo.

ZUHURA: Miguu ya LED nayo ni myembamba, ikipindwa mara kadhaa inakatika.

BARAKA: Ndiyo maana unailehemu kwenye kibao kidogo chenye skrubu mbili, vibanio vya waya vishike skrubu. Waya zisizidi sentimita 30, la sivyo za kituo hiki zinajiviringa na za jirani. Kitu kingine: LED ikigeuzwa haiwaki, na mtoto anadhani ameharibu. Kwenye kibao cha maelezo chora mkono wa mtoto ukigeuza taa. Mchoro huo mmoja unafanya kazi kuliko aya nzima.

ZUHURA: Na hizo taa zinaangaza nini? Kwenye ubao mweusi wenye swichi, kazi inaisha taa ikiwaka.

BARAKA: Wape karatasi ngumu, vitambaa na vibanio vya nguo. Huyu atajenga nyumba na kuwasha chumba kimoja, yule kinyago chenye macho mekundu. Akitaka taa mbili ziwake sawasawa, hapo sayansi inaanza, maana akizipanga kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya umeme, zinahitaji volti 4 kati ya zile 4.5, zinafifia. Itabidi atafute njia nyingine.

ZUHURA: Tusiwasahau wazazi. Utafiti wa Crowley na wenzake, wa mwaka 2001, uliona wazazi kwenye makumbusho wakiwaeleza wavulana sababu za mambo mara tatu zaidi kuliko wasichana.

BARAKA: Kwa hiyo weka kibao cha pili, kwenye usawa wa macho ya mtu mzima, chenye swali la kumuuliza mtoto: "Unadhani taa ya pili itafanya nini?" Swali linampa mzazi pa kuanzia, na mtoto yeyote analisikia.

ZUHURA: Kabla ya kujenga kwa mbao, jaribu kwa boksi. Hesabu wanaopita pia, siyo wanaosimama tu. Andika wasichana na wavulana kando, na muda waliokaa.

BARAKA: Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anza na vituo, vibao vifuate. Ukibadilisha vyote siku moja, hutajua kipi kimewavuta.