Itriamu Inapokutana na Aseniki: Mhadhara kuhusu Chernoviti

Mabibi na mabwana, wanafunzi wangu, na ninyi ndugu zangu mliotoka maduarani, kwenye mashimo ya uchimbaji, kuja kusikiliza, mbukwenyi.

Hapa Dodoma tukisema madini, watu hufikiria krisoprasi ya Haneti au rubi za Winza kule Mpwapwa. Leo nimewaletea habari za madini ambayo hayana soko wala hayavaliwi shingoni, na fuwele zake mara nyingi hazifiki milimita chache. Yanaitwa chernoviti. Ni arsenati ya itriamu, yaani metali ya itriamu iliyoungana na aseniki na oksijeni: atomi moja ya itriamu, moja ya aseniki, nne za oksijeni. Ukipima kwa uzito, itriamu inachukua karibu asilimia 39 na aseniki asilimia 33. Yalielezwa kisayansi mwaka 1967 kutoka milima ya Ural nchini Urusi, yakapewa jina la mwanajiolojia Aleksandr Chernov.

Swali linalonivutia ni kwa nini yawe haba namna hii. Itriamu yenyewe si haba. Katika ganda la dunia, tani moja ya mwamba ina wastani wa gramu 30 hivi za itriamu, zaidi ya risasi. Ndiyo inayosaidia taa za LED za nyumbani kwenu kutoa mwanga mweupe. Iligunduliwa na Johan Gadolin mwaka 1794 katika jiwe lililotoka Ytterby, Sweden. Kwa hiyo tatizo haliko kwa itriamu. Liko kwa mwenzake.

Aseniki na fosforasi ni ndugu wa kundi moja katika jedwali la elementi. Kila mmoja hushika oksijeni nne zinazomzunguka kama piramidi ndogo, na kila mmoja yuko tayari kuungana na itriamu. Lakini tani ya mwamba ina gramu chache tu za aseniki, wakati fosforasi inakaribia kilo nzima. Aseniki ni kama abiria anayesubiri basi la Singida kituo cha mbele: likifika, viti vimeshakaliwa. Itriamu karibu kila mara huishia kwenye fosfati, yaani zenotimu, na zenotimu hupatikana katika itale (graniti) nyingi duniani.

Kuna kikwazo cha pili, nacho nakiona kikubwa zaidi. Chini ya ardhi aseniki hupenda kukaa na salfa na chuma. Ninyi wachimbaji mnaijua hiyo ndoa: ni arsenopiriti, lile jiwe la rangi ya fedha linaloandamana na dhahabu sehemu nyingi duniani. Ikiwa humo, aseniki haiwezi kujenga arsenati. Lazima kwanza yapite maji yenye oksijeni ya kutosha, yaivunje ndoa ile, yaibebe aseniki, kisha yaikute itriamu mahali ambapo fosforasi imepungua.

Hayo yote yalitimia katika milima ya Alpi, kwenye mlima Cervandone, mpakani mwa Italia na Uswisi. Kulikuwa na salfaidi, yaani madini yenye salfa, za shaba na aseniki zilizokuwepo kabla milima ile haijainuka. Miamba ilipokunjwa na kupasuka, maji moto yaliisomba aseniki ile hadi kwenye nyufa, na humo arsenati zikaota. Chernoviti imepatikana pia katika itale za mpakani mwa Ujerumani na Jamhuri ya Czech, ambazo zilibadilishwa na maji ya namna hiyo.

Mpangilio wa atomi za chernoviti ni ule ule wa zenotimu na wa madini mengine yaitwayo zirkoni: fuwele ya pande nne yenye ncha kama piramidi, na kila itriamu imezungukwa na oksijeni nane. Piramidi ya aseniki ni pana kidogo kuliko ya fosforasi, lakini nyumba inaihimili, na ndiyo maana kuna fuwele zenye mchanganyiko wa zote mbili. Hata vanadi, ile inayoipa tanzanaiti ubuluu wake, huweza kukaa katika nafasi hiyo. Seriamu, metali iliyo jamaa ya itriamu, haiwezi kukaa humo kwa wingi, maana atomi yake ni kubwa. Ikikutana na aseniki hujenga gaspariti, ambayo mpangilio wake ni mwingine.

Sasa tuje kwetu. Majabali haya yanayotuzunguka ni itale ya zamani mno, zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, na itale ni mwenyeji wa kawaida wa itriamu. Kaskazini-magharibi, huko Iramba, kuna ukanda wa dhahabu wa Sekenke. Mwanafunzi anayetaka kuzitafuta arsenati asihangaike na itale nzima isiyo na ufa. Aende pale ambapo mishipa yenye salfaidi imeikata itale, na hasa sehemu ya juu iliyooza na kugeuka rangi ya kutu.

Kwa macho utadanganyika. Chernoviti huwa ya njano hafifu au haina rangi. Ugumu wake ni 4 hadi 5 katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, ambacho almasi ina 10, hivyo kisu kizuri huikwaruza, na hilo linaitenga na zirkoni yenye 7.5. Lakini zenotimu nayo hukwaruzika vivyo hivyo, na uzito wao unakaribiana. Hapo kinachoamua ni eksirei na darubini ya elektroni.

Na naomba mnisikilize vizuri: msichome jiwe ili kunusa kama lina aseniki. Wazee wa fani walifanya hivyo, wakitafuta harufu ya kitunguu saumu. Harufu ile ni moshi wa sumu, na anayechoma mawe ya arsenopiriti uani kwake anaivuta yeye na watoto wake. Tieni sampuli kwenye mfuko, andikeni mahali ilipotoka, kina chake na aina ya mwamba ulioizunguka, kisha ipelekeni maabara. Ya GST, taasisi ya taifa ya jiolojia na utafiti wa madini, iko hapa hapa mjini.