Wale jamaa wa baiskeli wanalipwa ngapi? Nawajibu leo, msiniulize tena

Haya jamani, habari za huko. Ngoja nisogeze hii taa, inanipiga usoni. Hapo sawa. Kama sauti haisikiki mtaniambia kwenye komenti, maana huko ndiko mnakoniambia kila kitu hata nisichouliza.

Mnakumbuka mwezi wa nne niliweka kakipande ka dakika moja, mbio za baiskeli zinapita huku kwetu Oudenaarde, Ubelgiji? Nilidhani watu watanisifia tu koti. Tangu siku hiyo ni swali moja, asubuhi jioni: "Dada, hao wanalipwa shilingi ngapi?" Na mwenzake: "Mdogo wangu anaendesha daladala ya baiskeli Shinyanga, ana mapaja kama magogo, mfanyie mpango aje." Mwingine akaandika, "Umeshakuwa mzungu, unashangilia baiskeli." Huyo nimemwacha. Mimi nimezaliwa Shinyanga, baba yangu alinipeleka kliniki kwenye keria ya Phoenix, mama akitembea nyuma na mwavuli. Baiskeli sikuijulia huku.

Na kabla hamjaanza, siringi. Silalamiki pia. Nikisema huku kuna hela mnasema najishaua, nikisema hakuna mnasema nawafungia njia. Nitasema nilichokiona na ninachokijua, kila mtu ashike lake.

Tuanze na hela, maana ndiyo mnayoitaka. Tour de France, ile kubwa kuliko zote, wiki tatu za kupanda milima, mshindi anapewa euro 500,000. Najua hapo kuna mtu ameshaanza kuzidisha kwa shilingi. Subiri kwanza. Kwa desturi yao ile hela haiingii mfukoni mwake. Inagawanywa kwa wenzake wa timu, timu ni watu 8, na mara nyingi hata fundi na mchuaji wanakatiwa chao. Bingwa mwenyewe anaishi kwa mshahara wa timu na matangazo. Ukishinda siku moja tu ndani ya zile wiki tatu, unapata euro 11,000, na hiyo nayo inaingia kwenye kapu la pamoja. Anayemaliza mkiani anaondoka na kama euro 1,000. Wiki tatu hizo! Mimi naosha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee na kwa wiki tatu napata zaidi ya hapo, na sijawahi kuanguka kwenye lami nikachunika mgongo.

Mshahara je? Kwenye timu za daraja la juu kuna kima cha chini, ni zaidi kidogo ya euro 40,000 kwa mwaka, kabla ya makato. Wakubwa kama Pogačar wa Slovenia, bingwa wa Tour mara kadhaa, wanalipwa mamilioni, sikatai. Lakini wengi pale kazi yao ni kumkingia bosi, yaani nyota wa timu, upepo, kwenda kwenye gari kumchukulia maji, na akipata pancha wanampa gurudumu lao wenyewe. Ukimuuliza ameshinda mbio ngapi maisha yake yote, anakwambia moja, au hakuna.

Huku kuna mtu anaitwa Wim Vansevenant, Mbelgiji wa hapa hapa Flanders, upande huu wetu wa Ubelgiji. Amekuwa wa mwisho Tour de France mara tatu mfululizo, 2006, 2007 na 2008. Hakuna mwingine aliyefikisha tatu. Wa mwisho wanamwita taa nyekundu, kama ile taa ya behewa la nyuma kabisa la treni. Msicheke. Kila siku kuna muda wa mwisho wa kufika, ukichelewa unarudishwa kwenu. Kwa hiyo kuwa wa mwisho inabidi kwanza uvumilie mpaka Paris, na wengi wanatolewa njiani. Zamani taa nyekundu alikuwa anaalikwa kwenye vimbio vya vijijini baada ya Tour na kulipwa, watu wanataka kumwona. Aliyeshika nafasi ya pili kutoka mwisho haalikwi na mtu.

Na wanawake, mliouliza. Tour yao ilirudi 2022, mshindi anapata euro 50,000. Hesabu sifuri mwenyewe. Na mwaka 2024 Kasia Niewiadoma wa Poland aliichukua kwa tofauti ya sekunde 4. Siku saba wanapigana, wanamalizia kileleni Alpe d'Huez, tofauti ni muda wa kupiga chafya mbili. Kwa wanaume tofauti ndogo kuliko zote ni sekunde 8, mwaka 1989, Mmarekani Greg LeMond alipomshinda Mfaransa Laurent Fignon. Walikuwa wameendesha zaidi ya kilomita 3,200. LeMond aliamka siku ya mwisho yuko nyuma kwa sekunde 50. Wazee wa Kifaransa mpaka leo ukiwatajia hiyo siku wanabadilisha mada. Sasa linganisheni na mwaka wa kwanza kabisa, 1903. Maurice Garin alimwacha wa pili karibu saa 3. Watu 60 walianza, wakamaliza 21. Mwaka uliofuata akashinda tena, halafu wakamnyang'anya, yeye na wengine watatu waliomfuata, kwa udanganyifu. Mbio za mwaka ule zilijaa tuhuma za watu kudandia treni na magari! Ushindi akapewa wa tano, Henri Cornet, kijana wa miaka 19. Mpaka leo hajatokea bingwa mdogo kuliko yeye.

Hapo sasa nafika kwenye jambo langu. Ninyi mnaniambia mapaja, mapaja. Mapaja siyo shida, mapaja yako tele Shinyanga. Kinachowatoa watu ni kanuni na karatasi.

Sikilizeni kisa cha Eugène Christophe. Mwaka 1913 anashuka mlima Tourmalet, yuko kwenye nafasi nzuri kabisa ya kushinda Tour, foku ya mbele ikakatika. Kanuni za wakati ule: ujirekebishie mwenyewe, asikusaidie mtu. Akabeba baiskeli begani, akashuka kwa miguu zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akatafuta mhunzi. Mhunzi haruhusiwi kugusa, anaelekeza kwa mdomo tu, Christophe anafua chuma mwenyewe, na wasimamizi wamesimama mlangoni wanamwangalia. Sasa mikono ni miwili, nyundo anashika yeye, chuma anashika yeye, moto nani auvuvie? Kitoto kimoja kikamvutia mivukuto. Saa kadhaa zimepotea, anataka kuondoka, wanamwambia una adhabu ya dakika 10, umesaidiwa na mtoto. Baadaye wakaipunguza, lakini Tour ilikuwa imeshakwenda. Mwaka 1919 huyo huyo akawa mtu wa kwanza kuvaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza, zimebaki siku mbili kumaliza, yuko mbele. Foku ikakatika tena. Hakushinda Tour maisha yake yote.

Mimi nikisoma hicho kisa naiona ofisi fulani ya kazini kwangu. Huku ukienda kazini kwa baiskeli mwajiri anakulipa kwa kilomita, kama senti 30 hivi. Hela ndogo, lakini kwa mwaka unanunua tiketi ya mtu kutoka Dar kwenda Shinyanga na inabaki ya zawadi. Nikajaza fomu, Kiholanzi chote, kilomita 7. Ikarudi: njia fupi ni kilomita 6.4, jaza upya. Hiyo njia fupi ina mlima wa mawe! Nikajaza 6.4. Ikarudi: sahihi haifanani na ya kwanza. Jamani, ya kwanza nilisaini na glavu, ilikuwa Januari. Mwezi wa tano huu sijaona hata senti, na fomu iko pale juu ya friji. Haya, tuendelee, nisije nikalia bure.

Huo mlima wa mawe ndio Koppenberg, ule wa kwenye video. Mbio za Flanders zinapita pale, zilianza 1913, na siku hizi zinamalizikia hapa kwetu Oudenaarde. Ni kama mita 600 tu, lakini mwinuko unafika asilimia 22 na chini ni mawe, siyo lami. Mwaka 1987 Mdenmark Jesper Skibby alikuwa mbele peke yake, akaanguka palepale, gari la msimamizi halikuwa na pa kupita. Likapita juu ya baiskeli yake! Miguu imeponea chupuchupu. Wakautoa mlima kwenye mbio, ukarudi 2002.

Nilisimama kwenye ukingo, mvua ya rasharasha, matope mpaka kwenye soksi. Kwanza unasikia helikopta, kisha pikipiki, kisha kimya kidogo, halafu minyororo. Tra-tra-tra juu ya mawe. Wanapita unaweza kumgusa mtu bega, wananuka dawa ya kuchua kama mgongo wa bibi. Na wa nyuma kule, wataalamu kabisa, wenye baiskeli za bei ya gari, wameshuka wanasukuma kwa miguu! Kama sisi tunavyosukuma gunia la mpunga kwenye mchanga. Hapo ndipo niliposhangilia, nakiri.

Mmoja akadondosha chupa. Nikaiwahi, na babu mmoja wa miaka kama sabini naye akaiwahi. Tukavutana. Niliishinda, Mungu anisamehe. Nimeichemsha mara tatu, mwanangu anabebea juisi. Baadaye jirani akaniambia mambo ya chupa ni makubwa kuliko nilivyodhani: mwaka 2021 walitunga kanuni kwamba chupa inatupwa sehemu maalumu tu, na mwezi wa nne mwaka huohuo Mswisi Michael Schär akatolewa kwenye mbio hizi hizi za Flanders kwa sababu aliwarushia mashabiki chupa. Katolewa kabisa. Chupa ya plastiki!

Sasa, Waafrika. Mnapenda niseme tumeonewa, na kuna wakati ni kweli, lakini msikilize na haya. Mbelgiji wa mwisho kushinda Tour de France ni Lucien Van Impe, 1976. Mfaransa wa mwisho ni Bernard Hinault, 1985. Lakini aliyezaliwa Nairobi amechukua nne: 2013, 2015, 2016, 2017. Ni Chris Froome, ndiyo, ni mzungu, najua mtaandika. Ila alifundwa na David Kinjah pale Kikuyu, na akaiendeshea Kenya kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola 2006. Mwaka 2008 akabadilisha leseni ikawa ya Uingereza. Karatasi tena! Ushindi wote ukahesabiwa kwa Uingereza. Na 2016 pale Mont Ventoux watu walijaa barabarani, pikipiki ikasimama ghafla, wakaigonga, baiskeli yake ikaharibika. Mwenye jezi ya njano akaanza kukimbia mlima kwa miguu, na viatu vya baiskeli. Mkenya ni Mkenya tu, hata umpe baiskeli.

Halafu Biniam Girmay wa Eritrea, huyu ndiye wa kumwonyesha mdogo wako. Mei 2022 alishinda siku moja ya mbio za Italia, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda siku kwenye mbio kubwa za wiki tatu. Akapanda jukwaani, akafungua chupa ya mvinyo wa mapovu, kizibo kikaruka kikamgonga jichoni. Hospitali. Mbio kwake zikaishia hapo. Siku ya furaha yake! 2024 akarudi, Tour de France, akashinda siku tatu na jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi. Majirani zangu walinipongeza mimi. Nikapokea, ningefanyaje?

Na mwaka uliofuata, Septemba 2025, mashindano ya dunia yakaenda Kigali, mara ya kwanza Afrika tangu yalipoanza 1921. Mbio kubwa ya wanaume ilikuwa zaidi ya kilomita 267, vilima mfululizo. Waliomaliza ni 30 tu! Pogačar kwanza, Mbelgiji Evenepoel pili. Jirani yangu akaja kugonga mlango, akaniuliza kwa nini nchi yetu ina milima mingi hivyo. Nikamwambia Kigali siyo kwetu, Shinyanga ni tambarare. Hakuniamini.

Kwa hiyo yule wa mdogo wake: mimi sina timu, simjui kocha, viza sitoi. Ningekuwa wewe ningemwanzishia kwenye mbio za huko huko Kanda ya Ziwa, apate leseni ya chama, kisha Rwanda kuna mbio za kila mwaka ambako timu za Ulaya zinakuja kutazama vijana, na basi linafika. Lakini hiyo ni mimi, kwa akili yangu, usije ukauza ng'ombe ukanitaja jina.

Na mama mmoja ameuliza kama ile Phoenix ya baba bado ipo. Ipo. Kaka anachotea maji. Keria ameibadilisha, ile ya zamani ilioza. Nawaacha, naingia zamu ya jioni, na mvua hii napita njia ya kilomita 7.