Kukuza Herufi Pekee Hakutoshi

Shikamooni wakubwa zangu. Walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Mtu akianza kuona hafifu, kila mtu humwambia: kuza maandishi. Sawa. Shikilia Ctrl, bonyeza alama ya kujumlisha, ukurasa wa intaneti unakua. Ila macho hayaugui namna moja.

Mwenye mtoto wa jicho, lenzi yake imeingia ukungu na mwanga unatawanyika humo ndani. Skrini nyeupe inamwumiza. Huyu mgeuzie rangi: nyuma kweusi, herufi nyeupe. Kwenye Windows ni Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen kwa pamoja. Na apelekwe hospitali, maana upasuaji unatibu.

Mwenye presha ya jicho ni habari nyingine. Mara nyingi uoni wa pembeni ndio unaotangulia kupotea, hata akabaki kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ukimkuzia mno, neno moja linajaza tundu lote na sentensi inampotea. Mpe ukubwa wa wastani, lakini herufi zikolee. Miongozo ya kimataifa ya tovuti, WCAG, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Yale maandishi ya kijivu kilichopauka juu ya nyeupe hayafiki hapo, na mimi yananiudhi sana, kwa sababu yanamfungia mtu mlango bila faida yoyote.

Sasa watoto wetu wenye ualbino. Upungufu wa melanini, ile rangi asilia ya mwili, unafanya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, isikue kikamilifu tangu tumboni, kwa hiyo miwani peke yake haimalizi tatizo. Mwanga mkali nao unawatesa. Skrini isitazamane na dirisha. Punguza mwangaza wake, kuza herufi, na mwache mtoto asogeze uso karibu na kioo. Hajiharibu macho! Nawaomba sana, msimgombeze.

Jambo moja la kiufundi: msipunguze risolusheni, yaani idadi ya nukta zinazochora picha ya skrini, ili herufi ziwe kubwa. Tazameni hapa ukutani: zimekuwa kubwa, lakini zina ukungu, r na n zikikaribiana zinasomeka m. Ingieni kwenye mipangilio ya skrini, mpandishe kipimo cha ukubwa (Scale) kiwe asilimia 150. Herufi zinakua na kubaki kali.

Na anayechoka kusoma, mashine imsomee. NVDA ni programu ya bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Inayo sauti ya Kiswahili. Ya kimashine, lakini inaeleweka. Nimeiweka kwenye kompyuta hii, karibuni mbele mmoja mmoja muisikilize.