Linda Laini Kabla ya Kulinda Simu

Mwenyekiti, mama mweka hazina, wanakikundi wote, wakubwa zangu shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie matumizi salama ya simu. Nitayataja haraka yale mnayoyajua: usichaji simu chini ya mto, inapata joto na godoro linashika moto, na ukiwa nyuma ya bodaboda, iache mfukoni mpaka ufike. Muda uliobaki nautaka wote kwa ajili ya laini, kwa sababu nimeona akina mama wakilia kwa sababu ya laini kuliko kwa sababu ya simu.

Simu ya laki mbili ikiporwa kituoni, umepoteza laki mbili. Laini iliyomo ndani ndiyo yenye akiba yako, ndiyo ambayo benki huitumia kukuletea ujumbe. Mwizi akiichomoa na kuiweka kwenye simu yake, kufuli la kioo chako halimzuii tena. Kumbe laini nayo ina kufuli lake! Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, utakuta pa kuifunga kwa namba ya siri. Namba ya kuanzia uulize mtandao wako, usibahatishe: ukikosea mara 3 laini itadai PUK, yaani namba ya kuifungulia yenye tarakimu 8, na ukikosea PUK mara 10 laini hiyo imekufa.

Sasa tuje kwenye usajili. Toka mwaka 2019 tunasajili kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Naunga mkono utaratibu huu, lakini ujue kwamba kidole chako kimekuwa sahihi yako. Kijana wa mwavuli pale sokoni akikwambia, "Mama, haijasoma, weka tena," kisha tena, na tena, una haki ya kuuliza kulikoni. Wapo waaminifu, na wapo wanaosajili laini ya pili kwa jina lako na kuiuza kwa matapeli. Mtu akitapeliwa Mbeya kwa laini hiyo, jina litakalosomeka ni la kwako uliyekaa hapa na nyanya zako. Dawa yake ni *106#. Piga, fuata maelekezo, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama una mitandao miwili, angalia kwa kila mtandao. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao huo na kitambulisho chako, ifutwe.

Halafu ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Watu huuliza, hivi bado wapo wanaotuma? Wapo, na naomba tusiwacheke. Tapeli hakufahamu, anatuma kwa watu wengi sana, na miongoni mwao hakosi mama ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa anatafuta kodi ya kumtumia mwenye nyumba. Ujumbe umemkuta kwenye deni lake. Akiona aibu ananyamaza, na tapeli anaendelea na jirani yake. Kwa hiyo, kabla ya kutuma, mpigie anayekudai kwa namba yake ya zamani, usikie sauti. Na lile jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, lisome lote. Ujumbe wenyewe usiufute: upeleke 15040, namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ya kuripoti utapeli, ufuate maelekezo.

Akipiga mtu kwamba amekosea kukutumia hela, usiamini ujumbe, angalia salio. Hata ukikuta hela imeingia kweli, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, wao ndio wenye kuirudisha.

Kwenye WhatsApp hali ni hiyo hiyo. Ukiombwa tarakimu 6 "zilizokuja kwako kwa bahati mbaya", hizo ni funguo za akaunti yako. Ukizitoa, saa hiyo hiyo kundi letu zima litaanza kuombwa mkopo kwa jina lako.

Nina jambo linaloniuma. Bibi anafika kwa wakala, anampa simu, anamtajia namba ya siri foleni nzima ikisikia. Hatumlaumu bibi, hakuna aliyekaa naye akamfundisha. Ukweli ni kwamba wakala hana kazi na namba yako ya siri. Ukiweka hela, unamtajia namba ya simu tu. Ukitoa, unaiandika wewe namba yake ya uwakala, unaweka siri yako mwenyewe, ukiwa umekinga mkono. Kila nyumba imchague mjukuu mmoja akae na bibi Jumapili moja wafanye mazoezi na shilingi elfu moja.

Na mtandao ukikatika ghafla kwako peke yako, wakati jirani wa mtandao huo huo anapiga simu vizuri, huenda kuna mtu amerudisha laini yako kwenye kadi nyingine. Usisubiri kesho. Azima simu, piga 100, waifungie, kisha uende dukani na kitambulisho.

Naomba sasa kila mmoja atoe simu yake hapa hapa tupige *106# pamoja. Wenye macho mazuri wakae karibu na wazee. Atakayekuta namba ngeni asiitaje kwa sauti, anyooshe mkono tu, nitamfuata alipo.