Nakati nayo ipewe meza yake

Mama zangu, wazee wangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma, asanteni kwa kunialika tena. Najua mmekuja kusikia kabichi inashindaje. Nitafika huko muda ukiruhusu. Kwanza nina neno la nakati, mboga yetu ya majani, na mliokwisha kunisikia mnivumilie.

Fungueni ratiba ya mashindano ya mboga ya gombolola yetu, yaani kata. Kabichi ina kundi lake. Nyanya zina lao, karoti lao, hata pilipili hoho. Halafu chini kabisa: "Mboga nyinginezo". Humo zimerundikwa nakati, entula (nyanya chungu), jobyo (mgagani), buga na dodo ambazo ni aina za mchicha, na mnavu, zote mbele ya jaji anayetafuta iliyo kubwa. Entula ni tunda, jobyo ni jani. Utazishindanisha vipi? Nimeuliza hivyo kwenye vikao na bado nauliza.

Mtu atasema: mwalimu, hizo zinajiotea. Dodo sawa, inajiotea hata jalalani. Lakini nani hapa Bombo amewahi kuamka akakuta tuta la nakati limejiotea? Unaacha miche bora izae, matunda yaive hadi yawe mekundu, unakamua mbegu, unaziosha, unazianika kivulini. Unapanda, unangoja miezi miwili hivi. Na maonyesho yetu huwa Julai, wakati mvua za Machi hadi Mei zimeshakatika. Nakati iliyonawiri Julai imenyweshwa kwa jerikeni jioni baada ya jioni. Leo mama aliyebeba maji hayo tumwambie mboga yake imejiotea?

Nakati na entula ni mmea mmoja, wataalamu wanauita Solanum aethiopicum, ndugu wa bilinganya. Wakulima wa Afrika ndio waliochagua mbegu kizazi baada ya kizazi, hii kwa majani, ile kwa matunda. Pale Mukono, Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kina watafiti wanaoishughulikia nakati. Chuo kikuu kinaipa maabara, sisi tunainyima meza!

Kamati isije ikasema haipimiki. Mimi naipima hivi. Nashika fungu, navunja shina karibu na ncha kwa vidole viwili. Likikatika kwa mlio, ni bichi. Likipinda kama uzi, limechoka. Nageuza majani, kwa sababu vidukari hujificha chini yake. Nikiona maua napunguza alama, maana mboga imeshakomaa. Mafungu yalingane urefu na unene. Basi ing'oeni alfajiri pamoja na mizizi, mtumbukize mizizi kwenye beseni la maji mpaka jaji afike. Kufika saa nne hema limeshapata joto, na aliyekata juu juu akaifungia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, anakuta majani yamelala.

Entula nazo: ngozi ing'ae, kikonyo kiwe kijani kibichi. Ikianza kugeuka rangi kuelekea machungwa, imepita, na uchungu umeongezeka. Jobyo ichumwe kabla haijachanua. Wenzetu Waacholi wanaiita akeyo, wanaipika na odii, siagi ya karanga na ufuta, na hakuna anayewaambia ni mboga ya nyongeza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, nyanya: ratiba ikisema tano, leteni tano. Ukileta sita unatolewa, hata ziwe nzuri vipi. Zilingane ukubwa na rangi, vikonyo vibaki. Moja kubwa katikati ya nne ndogo inaharibu sahani nzima. Na ule unga mweupe wa dawa ya ukungu, nikiuona juu ya nyanya sitoi zawadi. Pakiti imeandikwa siku za kungoja kati ya kupuliza na kuvuna, zisomeni, watoto wanakula hizo nyanya. Kabichi msiisugue, ule utando wake wa asili ubaki. Vitunguu vikauke shingo. Karoti tutazungumza siku nyingine.

Kamati inakutana kabla ya msimu wa kupanda. Karatasi iko kwa katibu hapa mezani. Kila anayelima nakati au entula aandike jina na kijiji chake, na asiyeandika mwenyewe aandikiwe na mwanawe. Mwaka jana walijibu kwamba hakuna washindani wa kutosha. Safari hii nataka niingie kikaoni na majina mkononi.