Msimwite Nyanya Yangu Mteja

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Hamjambo wazee wa mitaa, machifu, maafisa wa watoto, padre, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojipanga pale nyuma karibu na mlango. Nawajua wote kwa majina, kwa hiyo msithubutu kutoka.

Nimeombwa nizungumze juu ya kufundisha kazi ya ustawi wa jamii katika chuo cha Kikatoliki. Wenzangu wa idara walicheka waliposikia, maana wanajua nitasema nini. Nimeshalisema kwenye mikutano ya mtaala, nimelisema kwa wakuu wangu mpaka wakaanza kuangalia simu, na mara moja nililisema kwenye harusi ya watu. Leo narudia: mwanafunzi wetu aende kwa watu kwanza, fomu ije baadaye.

Nianze na neno moja. Darasani, mtu tunayemhudumia tunamwita mteja. Neno hilo limo vitabuni, limo kwenye fomu, limo kwenye mitihani ninayotunga mimi mwenyewe. Sasa nyinyi wa Malindi niambieni, mteja ni nani? Nyanya zetu wanamjua mmoja tu, yule wa kwenye simu: "Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Na vijana wa hapa wanamjua mwingine. Teja ni yule kaka aliyeliwa na unga, na siusemi unga wa sima. Halafu mwanafunzi wangu anabisha hodi kwa mama wa watu, anafungua daftari na kumwambia, "Mama, kuanzia leo wewe ni mteja wetu." Mumewe yuko uani anasikia.

Mnacheka. Mimi nilicheka pia, kabla ya kisa cha mtaa wa Muyeye, hapa hapa Malindi.

Nitabadilisha mambo mawili matatu ili mwenyewe asitambulike. Tulimpeleka kule Muyeye kijana wetu wa mwaka wa tatu, kutoka bara, mwerevu, alama zake zote ni za juu. Alipewa nyumba ya nyanya mmoja wa Kigiriama anayelea wajukuu wanne. Nyanya huyo anaishi kwa kushona makuti. Mnaijua kazi hiyo: umeketi chini, ufito mapajani, unakunja majani ya mnazi juu yake moja baada ya jingine, unayashona, ufito ukijaa unaweka kando, unachukua mwingine, mpaka kiuno kikukatae. Hoteli zinaezekwa kwa makuti hayo. Mtalii anayapiga picha kutoka chini, na aliyeyashona anaishi kwenye bati.

Kijana akafika na fomu yake ya kurasa sita. Nyanya alipomwona mgeni akamtuma mjukuu mbio kwa jirani. Mtoto akarudi na sukari ndani ya kikombe, imefunikwa kwa kiganja isimwagike. Chai ikapikwa, ikaletwa. Kijana akasema kwa adabu kabisa, "Asante Nyanya, lakini haturuhusiwi kupokea kitu kutoka kwa mteja."

Nani alimfundisha hivyo? Mimi. Mhadhara wa tatu, muhula wa kwanza, maadili ya kazi: usipokee zawadi. Nina slaidi yake, ina picha ya bahasha.

Chai ikapoa pale. Akaanza kuuliza. Una miaka mingapi? Una kuku wangapi? Mnakula mara ngapi kwa siku? Na jirani, yule yule aliyetoa sukari, ameketi kwenye jamvi hilo hilo anasikiliza. Wewe ukimuuliza mtu mzima mbele ya jirani yake kama jana alilala njaa, unategemea akujibu nini? "Tunashukuru Mungu, tunakula." Kijana akaandika: mara tatu. Swali la tisa likapata jibu fupi, la kumi likapata kichwa kutikiswa. Kwenye ripoti yake niliisoma sentensi hii kwa macho yangu: "Mteja hana ushirikiano."

Nikaenda mwenyewe wiki iliyofuata. Sikuenda kwa wema, nilikwenda kwa sababu nilikuwa na alama za kujaza. Nikakaribishwa, nikaketi, chai ikaja, nikanywa, nikaanza kumpokeza majani huku anashona. Saa nzima tulizungumza habari za bei ya makuti. Ndipo akaniuliza, "Mwalimu, yule mwanao, mbona alikuja kunihesabu? Alihesabu kuku, akahesabu wajukuu, akaenda zake. Na chai yangu ina nini?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kushona. Baadaye akanyanyuka, akaleta mfuko wa plastiki, ndani yake vyeti, kadi za kliniki, na kitambulisho. Alitaka nimsomee kitambulisho chake, kwa sababu wenzake wa rika moja wanapata pesa za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, na yeye kila akienda anaambiwa bado. Wazee wanaanzia miaka 70. Kitambulisho kinampa 63. Nikamuuliza habari za mtoto wake wa kwanza. Alikwishafariki, akasema, na cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa mle mle mfukoni. Angekuwa na miaka 58. Kwa hiyo serikali inasema nyanya huyu alizaa akiwa na miaka mitano.

Hesabu hiyo haihitaji shahada. Karani fulani zamani alimtazama usoni akakisia mwaka, na mwaka huo ndio umemnyima haki yake. Fomu yetu ina mahali pa umri, kijana akajaza 63, akaendelea na kuku. Barua ya chifu ilitusaidia, ingawa marekebisho yalichukua miezi ambayo sitaki kuihesabu mbele ya maafisa walioketi hapa.

Sasa namwona mwenzangu pale amekunja uso. Najua analotaka kusema: Mwalimu, leo chai, kesho kuku, keshokutwa mbuzi, na mwisho wake ni hongo. Sawa. Mimi sisemi mwanafunzi aondoke na kuku. Nasema mpaka wa kazi hauwekwi na slaidi, unawekwa na mtu anayejua yuko nyumbani kwa nani. Afisa anayegawa majina ya msaada asile kwa anayeomba jina, hilo halina mjadala. Lakini mwanafunzi asiye na cha kugawa, akiikataa chai iliyokopewa sukari, amemwambia mwenye nyumba kwamba yeye ni wa kupokea tu. Ukishamwambia mtu hivyo, usimtafutie ushirikiano.

Na msiniambie haya ni mambo ya kienyeji yasiyo ya kitaaluma. Kanuni saba ambazo wanafunzi hawa wanazikariri kama rozari aliziandika mwaka 1957 padre Mjesuti, Felix Biestek, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Loyola kule Chicago. Mwone kila mtu kwa upekee wake. Mwache atoe yaliyo moyoni. Tawala hisia zako. Mpokee alivyo. Usimhukumu. Mwachie aamue mwenyewe. Tunza siri yake. Yule kijana kwenye mtihani alizipata zote saba. Kule Muyeye alivunja nne kabla chai haijapoa. Siri ilivunjwa mbele ya jirani, kupokea kukakwama kwenye kikombe, upekee ukamezwa na fomu, na "hana ushirikiano" kama si hukumu ni nini?

Nimesikia pia swali la mzee wangu pale kabla hatujaanza. Ameuliza, kwa haki kabisa, hawa wanafunzi wa chuo cha kanisa wakija kwa Waislamu wanatafuta nini? Mzee, ni swali zuri, na baada ya Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga mpaka kufa, hakuna wa kulikasirikia. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule kuanzia Aprili 2023, umbali ambao sote tunaujua. Mtu yeyote anayekuja na Biblia mkononi na ahadi mdomoni lazima aulizwe ametoka wapi. Mimi nawaambia wanafunzi: mkiulizwa, jibuni mara moja, onyesheni barua, mpelekwe kwa mzee wa mtaa. Na unga hautolewi pamoja na rozari. Mwenye njaa akisali ili ale, hiyo sala ni ya nani?

Nitoke nje kidogo, mwenyekiti utanisamehe. Mnalijua lile kanisa dogo la Wareno. Mwaka 1542 mmisionari Fransisko Ksaveri alipita Malindi akielekea Goa, kule India. Alimzika hapa mtu mmoja aliyefia merikebuni, akazungumza na Waislamu wa mji, na mmoja wao akamlalamikia kwamba mji una misikiti 17 na inayosaliwa ni mitatu tu. Tunayajua haya kwa sababu aliyaandika kwenye barua yake. Ni mtakatifu na ninamheshimu, lakini kila nikiisoma barua hiyo namwona mwanafunzi wa mazoezi: kakaa siku chache, kauliza, kapata takwimu nzuri, kaandika ripoti, merikebu imeondoka. Yule mzee wa Malindi aliyefungua moyo wake kwa mgeni, nani alirudi kumuuliza hali?

Turudi. Ninachokidai ni hiki. Sasa hivi mwanafunzi wetu anakaa darasani miaka miwili na zaidi, kisha anatupwa nyanjani wiki 12, na mwalimu anamtembelea mara moja, nusu saa, anatia saini daftari na kuwahi basi la Mombasa. Vyama viwili vya kimataifa, cha shule za ustawi wa jamii na cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii, vilikubaliana mwaka 2020 kwamba mafunzo ya nyanjani yawe angalau robo ya masomo yote. Robo! Sisi tukijumlisha vizuri, na tukidanganya kidogo, hatufiki. Nataka mwanafunzi aende mtaani muhula wa kwanza, bila fomu. Ashike ufito. Aende matangani akaoshe vyombo. Akae kliniki akiona akina mama wanavyosubiri. Fomu apewe mwaka wa pili, na aandike yeye maswali.

Mtaniambia pesa. Pesa za nini? Muyeye ni tuktuk.

Mtaniambia alama: ataosha vyombo, utampa alama gani? Hapo mmenikamata, sijui vizuri. Lakini najua kwamba alama ninazotoa sasa zilimpa yule kijana daraja la kwanza.

Na hili ndilo la Kikatoliki hasa, kwa wale wanaodhani Ukatoliki wa chuo ni msalaba ukutani na misa ya kufungua muhula. Mwaka 1931 Papa Pius wa 11 aliandika kwamba jambo ambalo watu wa chini wanaweza kulifanya wenyewe, wakubwa wasiwapore. Ndiyo kanuni ya auni. Aliyetoa sukari ile ndiye mfanyakazi wa kwanza wa ustawi wa jamii katika kisa hiki, na fomu yetu haina mahali pa kumwandika. Wagiriama wana mweria, yaani kusaidiana kazi, Waswahili walikula kikoa, chakula cha kushirikiana kwa zamu, tangu zamani, kina mama wana chama, misikiti ina zaka. Maaskofu wa Afrika Mashariki wenyewe mwaka 1976 waliamua kanisa lijengwe kwenye jumuiya ndogo ndogo, yaani majirani wanaojuana. Sisi chuoni tunafundisha kana kwamba kabla ya shahada yetu watu walikuwa wanakufa tu.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa na mambo matatu zaidi, nitayapita mbio.

La kwanza, nyumba za watoto za hapa na Watamu. Sheria ya Watoto ni ya 2022, na mwaka huo huo nchi iliweka mkakati wa miaka kumi wa kurudisha watoto kwenye familia. Wanafunzi wangu bado wanaomba nafasi kwenye nyumba hizo kwa sababu zina ofisi na intaneti. Nendeni mkafanye kazi kwa shangazi anayempokea mtoto anayerudi. Hapo ndipo pagumu.

La pili, wazee wanaouawa kwa kuitwa wachawi katika kaunti hii. Mwanafunzi akiletewa habari ya uchawi, swali lake la kwanza liwe juu ya shamba. Limeandikwa jina la nani, na nani amerudi kutoka mjini karibuni anataka kuuza. Haya hakuna slaidi yake.

La tatu ni kliniki ya methadoni hapa hospitalini, dawa ya kuwasaidia waliotekwa na heroini. Kwa kawaida dawa inanywewa pale pale mbele ya mhudumu, kila siku. Binti mmoja wetu aliyekuwa huko aligundua kwamba waliokuwa wakikosa hawakuwa wakaidi, walikosa nauli. Aligundua kwa kupanda nao matatu asubuhi. Huyo nilimpa alama zote, na nikaitwa kuulizwa kwa nini.

Machifu, mwanzo wa muhula nitawaletea wa mwaka wa kwanza. Tafadhali msiwape viti vya ofisini. Swali la padre juu ya bima ya wanafunzi wakiwa mtaani nitalijibu nje, kwa sababu jibu lake ni baya na wakuu wangu wameketi mstari wa mbele.